Pima Redio Ikiwa Inatuma: Hotuba kuhusu Volteji Inayopotea Njiani

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, ndugu wanaredio wa ridhaa, mafundi, na wanafunzi mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo kila mwenye kituo cha redio hapa Dar es Salaam ama amekwisha kulilalamikia ama atakuja kulilalamikia: redio inayopokea vizuri kabisa, lakini inayolegea, kukwaruza au kuzimika mara tu mwenyewe anapobonyeza kitufe cha kutuma. Malalamiko hayo huja karibu siku zote na maelezo mawili. La kwanza ni kwamba pawasaplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volteji ndogo ya redio, imepimwa na inatoa volti 13.8, la pili ni kwamba umeme wa mtaani ni mdogo. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba elezo la kwanza, hata likiwa la kweli, halithibitishi chochote, na kwamba la pili huwa la kweli mara chache kuliko tunavyopenda kuamini. Volteji ya kituo hupimwa mzigo ukiwa unavuta, hupimwa kwenye mlango wa redio yenyewe, kisha hufuatiliwa kipande kwa kipande, upande wa chanya na upande wa hasi pia.

Tuanze na mahitaji ya redio. Redio nyingi za mawimbi mafupi zenye nguvu ya wati 100 zimetengenezwa zitumie volti 13.8, na watengenezaji wengi huruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini, yaani kuanzia takriban volti 11.7 hadi 15.9. Namba hiyo ya 13.8 haikuokotwa tu. Ni volteji ya gari lenye betri ya risasi na asidi wakati injini inanguruma na altaneta, jenereta ya gari, inachaji, na redio hizi zimeundwa ziweze kukaa ndani ya gari sawasawa na mezani. Inapopokea, redio ya namna hiyo huvuta ampea 1 au 2; inapotuma kwa nguvu zote huvuta ampea 20 hadi 23. Ndani ya tofauti hiyo ndimo lilimo tatizo zima. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inasema kwamba volteji inayopotea katika njia ni mkondo mara ukinzani wa njia hiyo. Njia yenye ukinzani wa omu 0.1 itapoteza sehemu moja ya kumi ya volti redio inapopokea kwa ampea 1, na hakuna atakayejua. Redio ileile ikituma kwa ampea 20, njia ileile inapoteza volti 2 kamili.

Dalili zake zinajulikana, ila si wote wanaozihusisha na volteji. Mwanga wa kioo cha redio hufifia kwa kufuata sauti ya msemaji. Anayetumia Morse, zile alama za nukta na vistari, huambiwa na wenzake kwamba sauti yake inateleza, kwamba kila alama huanza na mlio mmoja na kuishia na mwingine. Mita ya nguvu huonyesha wati 70 mahali palipokuwa na 100. Katika hatua ya mwisho redio hujizima kwenye silabi nzito na kuwaka tena yenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomleta mtu kwa fundi, lakini kwa maoni yangu si ndiyo mbaya zaidi. Mbaya zaidi ni ile ambayo mwenye kituo haioni kabisa. Nguvu ambayo hatua ya mwisho ya redio inaweza kuitoa bila kuharibu umbo la mawimbi hufuata mraba wa volteji: ikishuka kutoka 13.8 hadi 11.4, nguvu safi inayobaki ni asilimia 68 tu. Redio haina habari ya upungufu huo; inaendelea kudai wati 100, vilele vya sauti vinakatwa, na sauti iliyokatwa vilele humwagikia masafa ya jirani. Katika bendi ya mita 40, ambayo kwetu huku ni kuanzia kilohezi 7000 hadi 7200 na mara nyingi usiku husongamana, mtu mmoja mwenye nyaya mbovu anaweza kuwaharibia watu watatu mazungumzo huku yeye akipewa ripoti nzuri na aliye mbali. Sisi wenye alama za mwito zinazoanza na 5H tumepewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa sharti, pamoja na mengine, la kutowasumbua wengine hewani. Kwa hiyo jambo hili si la starehe ya mtu binafsi peke yake.

Sasa nieleze kwa nini vipimo vya kawaida havisaidii. Mita ikiwekwa kwenye pawasaplai isiyo na mzigo, karibu hakuna mkondo unaopita. Pasipo mkondo hakuna volteji inayopotea, hata kama waya umekatika nyuzi zake zote isipokuwa moja. Mita itasoma 13.8 kwenye pawasaplai, na itasoma 13.8 kwenye redio iliyozimwa, na mpimaji atakwenda kulala akiwa ameridhika. Wengine hutumia upande wa omu wa mita ili kupima waya. Hapo napo hakuna faida, kwa sababu nyaya za kupimia zenyewe huwa na ukinzani wa omu 0.1 hadi 0.3, nasi tunatafuta kasoro ya omu 0.01 au 0.05. Kipimo kinachofaa ni kuiacha njia ibebe mkondo wake halisi, kisha kusoma kwa milivolti ni kiasi gani kimepotea kati ya ncha moja na nyingine. Ukinzani wa nyaya za kupimia hauna madhara tena, kwa kuwa mita ya volteji ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 10 na haivuti mkondo wowote wa maana.

Ili kipimo hicho kiwe cha kuaminika, mkondo lazima utulie. Sauti ya mtu haifai, kwa sababu mkondo hupanda na kushuka kwa kila neno, na mita za kawaida za tarakimu husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde. Zitakupa wastani usio na maana. Tumia Morse ukiwa umeshikilia ufunguo, au FM, au njia yoyote inayotoa wimbi lisilobadilika, na badala ya antena unganisha mzigo bandia wa omu 50 unaomudu nguvu hiyo, yaani kikinzani kinachogeuza nguvu ya redio kuwa joto bila kuirusha hewani. Mzigo bandia una faida mbili: huwasumbui watu hewani, na mawimbi ya redio hayaingii kwenye nyaya za mita na kukuletea namba za uongo. Tuma kwa sekunde kumi, soma, acha redio ipoe, tuma tena. Na kabla ya yote badilisha betri ya mita yako, kwani mita nyingi za bei nafuu, betri yake inapokaribia kuisha, husoma volteji kubwa kuliko iliyopo, na ndiyo maana kuna watu wamehangaika na pawasaplai nzima kwa sababu ya betri ya volti 9.

Niruhusuni nieleze mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu njia yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa namba. Mwenzetu mmoja wa Kigamboni alikuwa na redio ya wati 100 iliyokuwa ikijizima kila alipopaza sauti. Pawasaplai ilikuwa chini ya meza ya chumba cha pili, na waya wa milimita za mraba 2.5 ulipita juu ya mlango, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Bila mzigo pawasaplai ilisoma 13.8. Redio ikiwa inatuma, pawasaplai ilisoma 13.6 kwenye terminali zake, pale nyaya zinapofungwa, jambo linaloonyesha kwamba yenyewe ilikuwa nzima. Kwenye mlango wa redio, wakati huohuo, mita ilisoma 11.4. Volti 2.2 zilikuwa zimepotea kati ya vyumba viwili, na redio ilikuwa tayari chini ya kikomo chake cha 11.7.

Mtu mwenye haraka angesema hapo kwamba waya ni mwembamba, akanunue mnene. Waya kweli ulikuwa mwembamba, lakini hilo halikuwa jibu lote. Ncha moja ya mita iliwekwa kwenye terminali nyekundu ya pawasaplai na nyingine kwenye pini nyekundu ya redio: upande wa chanya ulikuwa unapoteza volti 0.7. Kipimo hichohicho upande wa hasi kikatoa volti 1.5. Waya ni uleule, urefu ni uleule, mkondo ni uleule. Kwa nini upande mmoja upoteze zaidi ya mara mbili ya mwingine? Shaba ya milimita za mraba 2.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa kila mita, kwa hiyo mita 4 kwa ampea 20 hupoteza volti 0.55. Upande wa chanya, 0.15 iliyobaki ilikuwa ya fyuzi, kishikio chake na viungio, na hilo ni la kawaida. Upande wa hasi palikuwa na volti 0.95 zisizoelezeka. Mita ilihamishwa kutoka kiungio hadi kiungio mpaka ilipofika mahali ambapo waya mweusi ulikuwa umefungwa kwa skrubu nyuma ya pawasaplai: ncha moja kwenye shaba ya waya, nyingine kwenye skrubu yenyewe, na volti 0.95 zote zikaonekana hapo, ndani ya nafasi isiyofikia nusu sentimita.

Volti 0.95 kwa ampea 20 ni wati 19 za joto, karibu sawa na pasi ndogo ya kulehemu ikiwa imewashwa nyuma ya meza ya mbao. Plastiki ya waya ilikuwa imeanza kubadilika rangi na hakuna aliyekuwa ameinama kutazama. Skrubu ilisafishwa, kichwa kipya cha waya kikabanwa, na redio ikapata volti 12.4 siku hiyo hiyo kabla ya waya wenyewe kubadilishwa. Alipoweka waya wa milimita za mraba 6 baadaye, akapata 13 na ushei.

Hesabu hizo zina jambo moja ambalo nisingependa lipite. Jumla ya vipande ilikuwa sawa na upungufu wote: 0.7 na 1.5 hufanya 2.2. Kanuni za Gustav Kirchhoff za mwaka 1845 zinadai iwe hivyo, na kwa fundi zinafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu. Vipande ulivyopima visipofikia jumla, kuna mahali hujapima. Vikizidi, mkondo ulibadilika katikati ya kupima, au umesoma vibaya. Nawasihi muandike namba hizi kwenye karatasi kila mnapopima, kwa sababu kichwa cha binadamu kina tabia ya kuzirekebisha zifanane na kile alichokuwa akikidhani tangu mwanzo.

Upande wa hasi unastahili maneno zaidi, maana ndio unaosahaulika. Wengi wetu tumezoea kuweka ncha nyeusi ya mita kwenye bati la kituo na kutembea na ncha nyekundu peke yake. Ukifanya hivyo unapima nusu ya njia na kudhani nusu nyingine ni safi. Mkondo unaoingia kwenye redio ni lazima utoke, na ukikuta waya mweusi umeziba utatafuta njia nyingine. Njia hizo zipo: waya wa arthi uliounganisha bati la redio na bati la pawasaplai, koti la nje la kebo ya antena, hata koti la kebo ya USB inayokwenda kwenye kompyuta. Ampea kadhaa zinazopita kwenye koti la kebo ya USB zinaweza kuiunguza, na kabla ya kuiunguza huleta mvumo na ukwaruzo kwenye sauti ambao mtu atautafuta wiki nzima ndani ya programu. Kwenye gari ni vivyo hivyo, pale waya wa hasi wa redio unapofungwa kwenye bati lenye rangi au kutu. Kwa hiyo, ukipima upande wa hasi na ukaona unapoteza kidogo mno kuliko hesabu inavyodai, usifurahi upesi. Huenda sehemu ya mkondo inapita pasipostahili. Tenganisha kompyuta na nyaya nyingine, bakiza redio, pawasaplai na mzigo bandia, kisha upime upya.

Nije kwenye waya wenyewe. Kwa umbali wa mita 5, yaani mita 10 kwa kwenda na kurudi, na kwa ampea 20, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza volti 2.3; wa 2.5 hupoteza volti 1.4; wa 6 hupoteza karibu 0.6, wa 10 hupoteza karibu 0.35. Waya ukipata joto ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, nalo si dogo kwa waya uliopitishwa darini chini ya bati mchana wa Februari. Mimi hupendelea kuhamisha pawasaplai karibu na redio kuliko kununua waya mnene wa kufuata pawasaplai iliko, kwa sababu kufupisha njia ni bure. Upande wa volti 230 ndio unaofaa kuwa mrefu: pawasaplai ya transfoma inayotoa ampea 20 huvuta kutoka ukutani ampea 2 na nusu hivi tu.

Lakini hesabu zote hizo ni za shaba. Nyaya zinazouzwa madukani, Kariakoo na kwingineko, si zote ni shaba. Zipo za aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje, ambazo ukinzani wake ni mkubwa kwa kiasi cha mara moja na nusu kuliko wa shaba tupu, na zipo zilizoandikwa 2.5 wakati shaba iliyomo haifiki 2.5. Kukwaruza uzi mmoja kwa kisu kutakuonyesha weupe ndani kama ni aluminiamu, na uzito nao husema, kwani aluminiamu ina uzito usiofika theluthi moja ya shaba ya ujazo huohuo. Kipimo cha uhakika, hata hivyo, ni cha umeme, na hakihitaji redio. Chukua mita 10 za waya, ziunganishe kwa mfuatano na balbu moja ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 55, na betri au pawasaplai. Balbu huvuta karibu ampea 5; thibitisha kwa mita yako upande wa ampea 10. Kisha hamishia ncha za mita upande wa volteji, bila kusahau kuitoa nyekundu kwenye tundu la ampea, kwa maana anayesahau kisha akapima betri au pawasaplai huunganisha chanya na hasi moja kwa moja na kupoteza fyuzi ya mita kama ana bahati. Pima volteji iliyopotea kwenye mita zile 10. Shaba halisi ya 2.5 itasoma karibu volti 0.35. Ukisoma nusu volti, mrudishie muuzaji waya wake, kwa adabu, ukiwa na namba mkononi.

Viungio ndivyo vinavyotusumbua sana katika mji huu, kwa sababu ya bahari. Hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huingia kwenye ncha ya waya na kupanda ndani ya plastiki kati ya nyuzi na nyuzi; nje waya ni mwekundu na unang'aa, ndani shaba imekuwa nyeusi. Ukikata ncha na kukuta nyuzi hazing'ai, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba safi, na kama mita nzima imeharibika, waya huo umekwisha. Ncha inayoingia chini ya skrubu isipakwe risasi ya kulehemu: risasi ni laini, hubonyea polepole chini ya mgandamizo, na skrubu iliyokazwa Januari inakuwa imelegea kabla ya mvua za masika. Kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo lake maalumu, si kwa meno ya plaisi ya kawaida, hudumu zaidi. Vishikio vya fyuzi vya bei ya chini vina ulimi mwembamba wa bati ambao hupoteza chemchemi yake ukishapata joto. Pima pande zote mbili za fyuzi redio ikituma, na ukiona zaidi ya robo volti, kishikio hicho ni cha kutupa. Mkono nao ni kipimo cha awali, baada ya kuacha kutuma: kiungio kilicho moto kuliko waya unaokifikia kimekwisha kujitaja.

Ikiwa volteji inashuka kwenye terminali za pawasaplai zenyewe, basi njia haina hatia na tunahamia ndani ya sanduku. Hapa pia balbu za gari ni rafiki. Balbu nne za wati 55 zikiwekwa sambamba huvuta karibu ampea 20, na unaweza kuijaribu pawasaplai bila kuiweka redio yako hatarini. Ziwashe moja baada ya nyingine, kwa kuwa balbu iliyo baridi huvuta mkondo mkubwa sana kwa kitambo kifupi na inaweza kuifanya pawasaplai nzima ijikinge na kuzima. Ziweke juu ya kigae au bati. Zina moto wa kutosha kuunguza meza. Kumbuka vilevile kwamba namba kubwa iliyoandikwa usoni mwa pawasaplai mara nyingi ni ya muda mfupi, na ya kudumu imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Pawasaplai ya transfoma huelezeka kwa hesabu rahisi. Tuseme transfoma inatoa volti 18 ukutani kukiwa na 230. Kilele cha volti 18 ni 25.5, dayodi mbili, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu, zinachukua volti 2 hivi, na kapasita, yaani matangi ya kuhifadhi chaji, zinachajiwa hadi 23 na nusu. Kati ya mchajo mmoja na mwingine, na kwa umeme wetu wa hezi 50 mchajo hutokea mara 100 kwa sekunde, kapasita ya maikrofaradi 40,000 inayolisha ampea 20 hushuka kwa karibu volti 5. Bonde la chini kabisa ni volti 18.5, na transista za kudhibiti, zinazohitaji kama volti 2 juu ya 13.8, zimetosheka. Sasa umeme wa ukutani ushuke hadi 195. Kilele kinakuwa 19.6 na bonde 14.6, na udhibiti unashindwa mara 100 kila sekunde. Mita ya volteji itaonyesha upungufu mdogo tu, kwa sababu inasoma wastani, lakini wenzako watasikia mvumo mzito kwenye sauti yako. Badili mita iende upande wa volteji geu na upime palepale kwenye terminali: ukiona zaidi ya milivolti mia moja au mbili ukiwa na mzigo, udhibiti umepotea. Na kapasita zilizozeeka hadi kubaki na nusu ya uwezo wao huleta matokeo yaleyale hata umeme wa ukutani ukiwa 230 kamili, maana mshuko wa volti 5 unakuwa wa karibu 10. Ndiyo sababu nasema tusiukimbilie umeme wa mtaani. Pima ukutani pia, wakati uleule redio inapotuma, ndipo utajua nani mwenye kosa.

Pawasaplai yenye transista kadhaa za 2N3055 zilizopangwa sambamba ina kipimo chake kingine. Kila transista ina kikinzani kidogo, mara nyingi cha omu 0.1, kwenye emita yake, yaani mguu wake wa kutolea mkondo. Transista nne zikigawana ampea 20 sawasawa, kila kikinzani kitasoma nusu volti. Kinachosoma sifuri kinakuonyesha transista isiyofanya kazi, na wenzake watatu wanabeba mzigo wake mpaka nao wafe.

Kwa pawasaplai za swichingi, zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa, sina mengi ya kusema isipokuwa onyo. Nyingi hustahimili umeme wa chini vizuri kuliko zile za transfoma, lakini upande wake wa ukutani una kapasita inayochajiwa hadi karibu volti 325, na inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kutolewa. Asiye na uzoefu apime nje tu, na ndani amwachie mwenye uzoefu. Na pawasaplai yoyote yenye nyaya ndogo za kuhisi volteji kwenye ncha ya mbali isiunganishwe ovyo: waya huo ukikatika, baadhi yake hupandisha volteji badala ya kuishusha, na redio ndiyo inayolipa.

Limebaki suala la betri, ambalo kwa mji unaokatikiwa umeme haliepukiki. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika, ina volti 12.6 hadi 12.8. Hiyo ni volti 1 pungufu ya pawasaplai kabla hata hujaanza kutuma. Ikivutwa ampea 20 hushuka zaidi, na waya unaopoteza volti 1, ambao kwenye pawasaplai ulikuwa unavumilika, kwenye betri unaiangusha redio. Betri za lithiamu za aina ya fosfati hukaa karibu na volti 13.2 zikiwa zimejaa na hushuka polepole, kwa hiyo husamehe zaidi. Wenye betri za risasi waweke fyuzi karibu kabisa na betri, watumie waya wa milimita za mraba 10 kama umbali unazidi mita 2, na wapunguze nguvu ya kutuma hadi wati 50, ambapo mkondo hushuka sana ilhali anayesikiliza hupoteza nusu tu ya kipimo kimoja cha mita yake ya mawimbi.

Ndugu Mwenyekiti, meza ya kupimia imeandaliwa upande wa kulia wa ukumbi. Kuna mzigo bandia, balbu nne juu ya kigae, na mita mbili zenye betri mpya. Walioleta nyaya zao za redio waanze kupanga mstari, na naomba kila mmoja aje na karatasi yenye safu mbili, moja ya chanya na moja ya hasi.